Kile kizibao kipana cha kufuma chenye vinundu: kinatengenezwaje, na kwa nini oversize sio kuagiza XXL

Kila ikikaribia Juni, joto la hapa Dar likipungua kidogo na asubuhi kuna kaupepo, ndo muda ambao picha za vile vizibao vipana vya kufuma zinaanza kuzunguka kwenye magrupu na status, vile visivyo na mikono vimejaa vinundu, mtu kavaa juu ya shati jeupe au juu ya gauni refu na kapendeza hasa. Na maswali yanakuwa yaleyale. Hii ni kroshia au nini? Huo uzi gani mbona umetuna hivyo? Mimi navaa L, nimwambie fundi anifumie XXL ili iwe oversize? Alafu kuna wanaouliza Dar hii na jua hili mtu anavaa sweta kwenda wapi. Majibu mengi yanayotolewa hayako sawa, mtu anafuata ushauri anaenda Kariakoo anarudi na mzigo wa uzi usiofaa, au analipa advansi na nguo ikija haimkai popote. Nimeona niliandike hili jambo taratibu kuanzia chini kabisa, kwa sababu likieleweka mwanzo, huko mbele hamna kigumu.

Kwanza tuelewane maneno. Kizibao hapa ni nguo ya juu iliyofumwa isiyo na mikono, wengine wanaita sweta kata mikono, na wengine wanasema vesti japo ukisema vesti watu wengi akili inaenda kwenye ile ya ndani. Kitanzi ni kile kiduara cha uzi kinachokaa kwenye sindano ya kufumia. Mstari ni vitanzi vyote vya kutoka mwanzo wa sindano mpaka mwisho wake, ukimaliza mstari mmoja unageuza kazi unaanza mwingine juu yake. Na oversize ni nguo ambayo imepangwa tangu mwanzo iwe na nafasi kubwa kati yake na mwili. Nimesema imepangwa, na hilo neno tutalirudia kwenye hesabu.

Sasa kuna kazi tatu za uzi ambazo watu wanazichanganya sana. Kanga yako imefumwa kwa mtambo, nyuzi zinazoenda wima zinapishana na nyuzi zinazoenda mlalo, moja juu moja chini, ndo maana kanga ukiivuta haivutiki. Kroshia ni ile ya sindano moja yenye kulabu, wanayofumia vitambaa vya makochi na vya meza, na muda wote unakuwa na kitanzi kimoja tu kilicho hai, ukikimaliza unakwenda kwenye kingine. Kufuma sweta ni sindano mbili ndefu, na mstari mzima wa vitanzi unakaa hai juu ya sindano, vitanzi mia na kitu kwa mpigo, kila kimoja kinapitishwa ndani ya mwenzake wa chini. Kwa hiyo kizibao kinaweza kuwa cha kroshia na kikawa kizuri tu, ila kitakuwa kigumu kidogo na kwa kawaida kinakula uzi mwingi zaidi, na hakitaanguka mwilini kwa ulaini kama cha sindano mbili. Ukitaka kujua ulichokiona pichani ni kipi, kuza picha. Ukiona vijialama vya V vimepangana au vinundu vya mlalo vilivyofuatana kwa mistari, hiyo ni sindano mbili. Ukiona vijiguzo vidogo vimesimama na vitundu katikati, hiyo kroshia.

Na kabla hujasema kufuma ni mambo ya wazungu na baridi yao, chukua tisheti uliyovaa sasa hivi. Elekeza kamera ya simu karibu kabisa na kitambaa, au kama una macho mazuri angalia tu kwenye mwanga. Upande wa nje utaona V ndogo ndogo zimejipanga kwa safu za wima. Geuza upande wa ndani, utaona vinundu vya mlalo, safu juu ya safu. Tisheti ni kitambaa cha kufumwa kwa mashine, ni kazi ileile ya sweta ila kwa uzi mwembamba sana, na ndo maana inavutika na kanga haivutiki. Na ukiwahi kukata tisheti kuukuu kwa mkasi uone zile kingo zinavyojikunja zenyewe, hiyo tabia iko vilevile kwenye sweta na tutaona inahusikaje. Isitoshe, vipande vya zamani zaidi vya kufuma kwa namna hii ambavyo vimepatikana ni soksi za pamba za Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14. Pamba, tena Afrika. Sufu na baridi ya Ulaya vilikuja kuitawala hii kazi baadaye.

Basi tuingie kwenye vinundu maana hapo ndo penye siri ambayo sio siri.

Kufuma kote duniani, hata lile sweta gumu kuliko yote uliyowahi kuliona, kunatokana na vitanzi vya aina mbili. Kitanzi cha mbele, na kitanzi cha nyuma. Kitanzi cha mbele uzi unakaa nyuma ya kazi, unachomeka sindano, unavuta uzi kuja kwako, na upande unaokutazama inabaki V laini. Kitanzi cha nyuma uzi unakaa mbele, unachomeka kinyume chake, unasukuma uzi uende ng'ambo, na upande unaokutazama inabaki nundu. Na hivi vitanzi viwili ni kitu kimoja kilichoangaliwa pande mbili, yaani kila V ukiigeuza nyuma yake ni nundu, na kila nundu nyuma yake ni V. Hapo tisheti inakuonyesha vizuri kabisa, nje zote ni V, ndani zote ni nundu.

Ukilishika hilo, vinundu vyote vinakuwa suala la kuamua tu nundu ikae wapi. Ukifuma mistari yote kwa kitanzi cha mbele, huku unageuza kazi kila mwisho wa mstari, unapata matuta ya mlalo pande zote mbili, ndo mfumo wa kwanza ambao kila anayejifunza anaanza nao. Ukifuma mstari mmoja mbele na unaofuata nyuma, unapata uso laini kama wa tisheti. Ukipishana kwenye mstari mmoja, kimoja mbele kimoja nyuma, alafu mstari unaofuata ukaweka nundu juu ya V na V juu ya nundu, unapata ule uso wa vinundu vidogo vidogo vilivyotawanyika ambao ndo unaonekana kwenye vizibao vingi vinavyopendwa sasa hivi. Na wenyewe ni rahisi ajabu: anza na idadi ya vitanzi isiyogawanyika kwa mbili, kila mstari fuma kimoja mbele kimoja nyuma mpaka mwisho, umalizie na cha mbele. Mstari uleule, kuanzia chini mpaka mabegani. Hamna cha kukariri zaidi ya hapo.

Ukipanga nundu juu ya nundu na V juu ya V, viwili mbele viwili nyuma mstari baada ya mstari, hapo unapata ile mifereji ya wima ya kwenye pindo la chini la sweta, shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Hii ina tabia ya pekee, inajibana. Kufikiria kwa nini inajibana, angalia bati la migongo la kuezekea. Bapa la chuma kabla halijakunjwa lilikuwa pana, likishapigwa migongo linafunika upana mdogo zaidi japo chuma ni kilekile. Kitambaa cha mifereji ndo hivohivo, V zinasogea mbele, nundu zinarudi nyuma, kitambaa kinakunjamana chenyewe, upana unapungua, alafu ukikivuta kinafunguka na ukikiachia kinarudi. Hiyo ndo sababu pindo linashika kiunoni bila lastiki.

Kuna na ile misuko ya wima, watu wanaipenda sana. Yenyewe haina kitanzi cha tatu, ni vitanzi vinabadilishana nafasi, unavitoa vitatu unavishika pembeni na sindano ndogo, unafuma vitatu vinavyofuata kwanza, alafu unarudi kufuma vile vya mwanzo. Vikikingamana inatokea suka. Ila suka inabana kitambaa na inakula uzi, kwa kizibao cha kwanza mimi nisingeanzia huko.

Kwa hiyo yule anayekwambia vinundu vinatokana na uzi maalumu, hapana. Zipo nyuzi zenyewe zina vifundo na manyoya, na kwa bahati mbaya ndo mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa sababu manyoya yanafunika vitanzi, unahangaika kupishanisha mbele na nyuma kizibao kizima na mwisho wa siku hamna kinachoonekana. Vinundu vinataka uzi uliosokotwa vizuri, wa mviringo, usio na manyoya, na rangi isiwe nyeusi wala buluu ya giza. Nundu huonekana kwa sababu ya kivuli chake, kwenye nyeusi kivuli kinapotelea. Krimu, kijivu cha mwanga, haradali, kijani cha majani makavu, hizo ndo zinazoonyesha kazi. Kuna hadithi nyingine imeenea kwamba kila mchoro wa yale masweta ya visiwa vya Aran kule Ireland ulikuwa wa ukoo wake, ili mvuvi akizama atambuliwe kwa sweta. Watafiti wa mambo ya kufuma wameshaikataa hiyo, haina ushahidi, michoro ilikuwa ya mtu na mapenzi yake na mikono yake. Nasema hili kwa sababu kuna watu wanaogopa kuchanganya michoro wakidhani wanaharibu maana. Changanya.

Tuje kwenye uzi wenyewe. Madukani kwetu mtu akikwambia uzi wa sufu mara nyingi anamaanisha uzi wowote mnene wa kufumia, na mara nyingi ule ni akriliki, yaani plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Sio mbaya, ni mwepesi, rangi zipo nyingi, bei inavumilika na nondo hawali. Ila haunyonyi jasho, na kwa Dar hilo ni jambo zito. Sufu halisi, ya kondoo, inaweza kunyonya unyevu mpaka kama asilimia 30 ya uzito wake bado usihisi umelowa, na inanyumbulika inarudi, ndo maana inapendwa. Pamba inanyonya jasho na ni baridi mwilini, kwa huku pwani ndo ninayoipendekeza kwa moyo wote, ila nayo ina shida yake: ni nzito na hainyumbuliki, kizibao kipana cha pamba nene kinajivuta chenyewe kwenda chini kadiri unavyokivaa. Dawa yake ni kuchagua uzi uliochanganywa pamba na akriliki nusu kwa nusu hivi, au kukata urefu sentimita kadhaa pungufu ya unaotaka.

Kama lebo imepotea na hujui uzi ni wa nini, kata kipande kifupi, kishike kwa kibanio cha chuma juu ya sinki lenye maji, kiwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua na moto unajizima, inabaki majivu unayoweza kuyasaga kwa vidole. Pamba inaungua kama karatasi na inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Usikishike kikiwa cha moto.

Hapa kwenye sindano ndo pana mkanganyiko ambao umeharibu kazi za watu wengi na hauzungumzwi. Sindano walizotuachia mama zetu na bibi zetu nyingi zina namba za zamani za Uingereza, ambazo namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Video tunazofuata mtandaoni nyingi ni za Marekani, na kule ni kinyume, namba ikiwa kubwa sindano ni nene. Namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba 10 ya Uingereza ni milimita 3.25, ya Marekani ni milimita 6, karibu mara mbili. Sasa mtu kaambiwa kwenye video tumia namba 10, kaenda kwenye mkebe wa mama kachukua namba 10, kafuma kwa uaminifu wote, na kizibao kimetoka cha mtoto wa darasa la pili alafu kigumu hakikunjiki. Anaambiwa hujui kufuma, na wala sio kweli. Achana na namba, uliza milimita. Kama sindano haijaandikwa, ipime unene kwa vanieri ya fundi yeyote wa chuma, sekunde tu. Na kwa wale waliojifunza na spoku za baiskeli, spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, itakufundisha mkono vizuri sana ila kizibao kipana chenye kutuna huwezi kukitoa kwayo. Kwa hii kazi tafuta milimita 5, na kama unaweza, chukua zile zilizounganishwa na waya kati, za sentimita 80, maana vitanzi mia na kitu havikai vizuri kwenye sindano fupi na uzito wa kazi unaumiza viganja. Na zile za waya sio lazima ufume mviringo, unakwenda na kurudi kama kawaida.

Sasa oversize.

Mtu wa L akiagiza XXL anapata nguo ya mtu mwingine. Shingo inakuwa ya mtu mwenye shingo pana, inateleza begani, tundu la mkono linashuka mpaka mbavuni, urefu unafika mapajani. Oversize iliyopangwa inaongeza upana wa mwili sana, inaongeza tundu la mkono kidogo, na shingo inaiacha karibu palepale. Ndo tofauti nzima. Chukulia mtu ana kifua cha sentimita 96. Anataka kizibao kikae kwa nafasi, tumuongezee 24, tunapata 120. Kizibao ni vipande viwili, mbele na nyuma, kwa hiyo kila kipande kina upana wa sentimita 60. Sasa 60 hizo ni vitanzi vingapi?

Hapo hakuna anayeweza kukujibu, sio mimi, sio video, sio fundi wa miaka thelathini, mpaka ufume kipande cha majaribio. Hiki kipande watu wanakiruka kwa sababu kinaonekana ni kupoteza uzi na muda, na ndo kinachoamua kila kitu. Anzisha vitanzi 31 kwa uzi uleule, sindano ileile, na mfumo uleule wa vinundu (sio mfumo laini, kwa sababu kila mfumo una upana wake), fuma mpaka upate kipande cha mraba. Kifue. Kiache kikauke kikiwa kimelala. Alafu weka rula katikati, mbali na kingo, hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10.

Tuseme umepata 18. Sentimita 60 mara 1.8 ni vitanzi 108. Sasa angalia kinachotokea ukikosea kidogo tu. Kama mkono wako unabana na kwa kweli unatoa vitanzi 20 kwa sentimita 10, vile vitanzi 108 vitakupa upana wa sentimita 54, kizibao kizima sentimita 108, ile nafasi ya 24 imebaki 12 na oversize imekufa. Kama mkono wako ni mlegevu unatoa 16, utapata 67 na nusu kila kipande, kizima 135, na hapo ndo mtu anasema nimeonekana nimevaa pazia. Tofauti ni vitanzi viwili tu ndani ya sentimita 10, huwezi kuiona kwa macho. Na watu wawili wakipewa uzi mmoja na sindano moja wanatoa vipimo tofauti, kwa sababu mikono ni tofauti. Hata wewe mwenyewe ukiwa na mawazo unabana.

Kile kipande kina kazi ya pili. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Tuseme ni sentimita 17 kwa 17, yaani eneo la 289, na uzito ni gramu 21. Kizibao cha upana 60 na urefu 58, vipande viwili, ni eneo la 6,960. Gawa kwa 289, unapata 24 na kidogo, zidisha kwa 21, unapata gramu kama 505. Ongeza ya shingo, makwapa na mishono, nunua 600. Zinunue zote siku moja na uangalie kwenye lebo ile namba ya loti ya rangi, kila mpira uwe na namba moja. Krimu ya loti hii na krimu ya loti ile dukani zinafanana kabisa, kwenye kizibao zinaachana mstari unaonekana kifuani.

Umbo lenyewe la kizibao ni jepesi. Unaanza pindo kwa sindano ndogo zaidi, milimita 4, vitanzi 110 (zile 108 zetu na viwili vya ziada), viwili mbele viwili nyuma, sentimita 6 au 7. Unahamia sindano ya milimita 5, unaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja ili vibaki 109, idadi isiyogawanyika kwa mbili, na unaanza vinundu. Unapanda moja kwa moja mpaka kwenye kwapa. Hapo ukiendelea kupanda bila kupunguza, upana wa 60 utapita mabega na kuning'inia juu ya mkono, wengine ndo wanautaka huo muonekano na uko sawa. Ukitaka kikae begani, funga sentimita 8 kila upande, vitanzi 14 na 14, unabaki na sentimita 44 hivi. Mbele unagawa kati kwa ajili ya shingo, V au duara. Unashona mabega, unashona pembeni ukiacha tundu la sentimita 24 hivi kwa mkono, unaokota vitanzi kuzunguka shingo na makwapa unafuma mifereji ya kumalizia. Na hapa ile tabia ya tisheti kujikunja inaingia: mfumo laini ukiuacha bila pindo unajikunja kingo zote, lakini vinundu vya kupishana vinatulia, kwa sababu nundu na V ziko sawa pande zote mbili na hakuna upande unaomvuta mwenzake. Kwa anayeanza hiyo ni faraja kubwa. Kitanzi kikidondoka kwenye sindano usikurupuke kufumua kazi, kishike kwa kulabu ya kroshia kabla hakijateremka, kipandishe mstari mmoja mmoja.

Mtu anavaa wapi hiki kitu Dar? Julai usiku joto linashuka mpaka nyuzi 19 au 20, sio baridi ya kutetemeka ila mtu wa pwani anaisikia. Alafu kuna ofisi zetu za viyoyozi, benki, kumbi za mikutano, mabasi ya alfajiri kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, na treni ya SGR ambayo tangu 2024 imefanya watu wengi zaidi waende Dodoma na kurudi, mle ndani bila kitu cha juu unaganda. Na ukiwa unaelekea Lushoto, Njombe au Makete, hapo hamna mjadala. Kizibao kinafunika kifua na mgongo, mikono inabaki wazi, kwa hiyo jasho halikuzidi ukitoka nje. Mimi naona kwa hali yetu ya hewa kinafaa kuliko sweta la mikono, na nasema hivi nikijua kuna watakaobisha.

Kukitunza: maji ya kawaida, sabuni ya maji kidogo, usikifikiche na usikikamue kwa kukisokota. Sufu ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa inajishika yenyewe inasinyaa na hairudi. Kiviringishe kwenye taulo ulikanyage litoe maji, alafu kilaze kwenye mkeka kivulini. Kwenye kamba hapana, maji yana uzito, kitarefuka mpaka magotini. Pasi pia hapana, hasa akriliki, moto wa pasi unalainisha ile plastiki, vinundu vinalala bapa na havinyanyuki tena maisha.

La mwisho ni bei, maana ndo linalogombanisha watu. Mtu anasema mbona Karume naokota sweta la mtumba kwa hela ndogo, huyu fundi ananitajia hela yote hii kwa kizibao kisicho hata na mikono. Tuhesabu. Vinundu vinakuwa na mistari kama 28 ndani ya sentimita 10, kwa urefu wa 58 ni mistari 162. Mara vitanzi 108, mara vipande viwili, karibu vitanzi 35,000. Toa shingo na makwapa tuseme 30,000. Fundi anayekwenda vitanzi 20 kwa dakika bila kusimama anahitaji dakika 1,500, ambazo ni saa 25, na vinundu ni polepole zaidi kwa sababu uzi unapelekwa mbele na kurudishwa nyuma kila kitanzi. Hapo hajashona, hajafua, hajafuma kipande cha majaribio, na uzi gramu 600 kanunua yeye. Lile sweta la mtumba lilishalipiwa na mtu wa kwanza huko lilikotoka, na mara nyingi limefumwa na mtambo kwa dakika. Kulinganisha bei zake na za mikono ya mtu sio haki.

Kwa hiyo ukiagiza, usimtumie fundi picha tu na neno oversize. Tafuta nguo uliyonayo nyumbani ambayo upana wake unaupenda, itandike kitandani, pima kutoka kwapa hadi kwapa, pima urefu kutoka begani, pima upana wa shingo, mtumie hizo sentimita. Mwambie utakivaa juu ya nini, shati au gauni. Uliza uzi ni wa nini. Na muombe akuonyeshe kipande cha majaribio kilichofuliwa kabla hajaanzisha kazi. Akikuletea, na akakwambia vitanzi vingapi kwa sentimita 10, mpe advansi yake yote aliyoomba.